Magari Matatu, Familia Moja: Likizima Njiani, Nani Atakuja?

Kila Desemba barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari madogo yaliyozoea foleni za mjini. IST inayokwenda Posta asubuhi na kurudi Tabata jioni hubebeshwa watu watano pamoja na mizigo na zawadi za wazee, kisha hutakiwa kukimbia zaidi ya kilomita 500 kwa siku moja. Kuanzia Chalinze hadi Same hapakosekani gari lililofunguliwa boneti, rejeta inatoa moshi, watoto wamekaa kivulini. Kwa familia hiyo ni adha. Kwa wafanyabiashara ni soko, na ndilo linalowaniwa na kampuni za bima, vyama vya wenye magari na wamiliki wa magari ya kuvuta. Wote wanauza kitu kimoja: lipa ada ya mwaka, na gari likikwama piga simu, tutakuja.

Ahadi hiyo ni nzuri na ina thamani ya kweli. Lakini kaya nyingi huinunua kama zinavyonunua bima ya lazima, yaani gari kwa gari, kila moja siku linapokatiwa bima yake, bila kujiuliza nani analiendesha na linakwenda wapi. Matokeo yake ni kulipia mara mbili kisichohitajika na kuacha wazi pale penye hatari. Msaada wa barabarani unapaswa kununuliwa kwa kuhesabu madereva na safari za nyumba nzima kwanza, magari baadaye.

Biashara ilikotoka

Biashara hii ina zaidi ya karne. Chama cha magari cha Uingereza kilichokuja kuitwa RAC kilianza 1897. Mwenzake, AA, alizaliwa London mwaka 1905, kazi yake ya kwanza ikiwa kuwatahadharisha madereva kuhusu mitego ya polisi ya mwendo kasi, na walinzi wake walizunguka kwa baiskeli. Marekani ilipata chama chake, AAA, mjini Chicago mwaka 1902. Ujerumani ikafuata 1903 na chama ambacho leo ni ADAC, chenye wanachama zaidi ya milioni 20. Afrika Mashariki haikuchelewa sana: chama tunachokijua leo kama AA Kenya chimbuko lake ni Nairobi, mwaka 1919. Tanzania nayo ina chama chake cha wenye magari chenye makao Dar es Salaam.

Vyama hivyo vilianza kama ushirika wa wanachama, lakini ada inayolipwa kila mwaka na mamilioni ya watu ni mali inayowavutia wenye mitaji. Mwaka 1999 AA ya Uingereza iliuzwa kwa kampuni ya nishati ya Centrica kwa pauni bilioni 1.1, na tangu hapo imepita mikononi mwa wawekezaji kadhaa. Hesabu ya biashara hii ni rahisi kuielewa. Wanachama wote hulipa, wachache tu huharibikiwa siku moja, na faida hutegemea gharama ya kumfikia kila anayepiga simu.

Kuna njia mbili za kumfikia. Ya kwanza ni kuajiri mafundi wanaozunguka na magari yenye vifaa na spea, wakitengeneza palepale barabarani. Ndivyo wafanyavyo AA, RAC na ADAC kwa sehemu kubwa. Ya pili ni kutokuwa na mafundi wako, bali kuingia mkataba na gereji na wenye magari ya kuvuta walioko maeneo mbalimbali, kama ilivyojengwa kampuni ya Green Flag huko huko Uingereza. Kwa nchi zetu, zenye barabara ndefu na magari yaliyotawanyika, njia ya pili ndiyo nyepesi kuanzisha. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba ubora wa huduma hauamuliwi na ofisi nzuri ya Upanga au Westlands. Unaamuliwa na mtu mmoja wa Korogwe au Mtito Andei: kama ana mkataba ulio hai, kama analipwa kwa wakati, na kama gari lake la kuvuta linafanya kazi usiku.

Takwimu za ADAC zinasaidia kuona umuhimu wa fundi. Mwaka baada ya mwaka, betri ndiyo inayoongoza kwa kukwamisha magari, ikichukua zaidi ya asilimia 40 ya matukio wanayoitiwa. Tatizo la betri haliombi kuvutwa. Linaomba mtu mwenye nyaya za kubusti, au betri nyingine. Kampuni yenye magari ya kuvuta pekee itakupeleka gereji kwa kazi ya dakika kumi, na siku yako itaishia hapo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: atakayekuja ni fundi au ni dereva wa gari la kuvuta?

Bima kubwa si msaada wa barabarani

Hapa ndipo wengi hukwama. Mwenye bima kubwa hudhani amekwisha kujikinga na kila baya linaloweza kulipata gari. Mikataba ya kawaida ya bima ya magari hulipia ajali, moto na wizi, na inaweza kulipia kuliondoa gari eneo la ajali hadi gereji. Injini iliyochemsha, klachi iliyoisha au umeme uliokatika si ajali, na kwa kawaida mkataba huo huo huandika wazi kwamba hauhusiki na kuharibika kwa mitambo. Bima ndogo, ile ya lazima kisheria kwa ajili ya watu wengine, haigusi jambo hili kabisa. Anayevuka Namanga au Horohoro akiwa na Kadi ya Njano ya COMESA naye ajue kwamba kadi hiyo hubeba dhima yake kwa watu wengine katika nchi anayoingia. Haimletei fundi.

Kampuni kadhaa huongeza msaada wa barabarani juu ya bima kubwa, kwa ada ndogo au bila ada. Ni jambo jema, ila soma jinsi unavyolipwa. Kuna mkataba unaokuletea huduma bila wewe kutoa fedha, na kuna unaokutaka utafute msaada mwenyewe, ulipe, utunze risiti, kisha urudishiwe hadi kiwango fulani. Mama aliyekwama saa nne usiku na watoto hafaidiki sana na ahadi ya kurudishiwa fedha mwezi ujao.

Familia ya mkataba na familia ya kweli

Huduma hii huuzwa kwa sura tatu. Kuna inayofunga gari: yeyote anayeliendesha kwa ruhusa anahudumiwa. Kuna inayofunga mtu: mwanachama anahudumiwa akiwa kwenye gari lolote, na mara nyingi hata akiwa abiria. Na kuna ya kaya, inayowakusanya kadhaa chini ya ada moja. Hiyo ya tatu ilibuniwa kwa nyumba za Ulaya na Marekani, na masharti yake huhesabu kaya kuwa watu wanaoishi anwani moja.

Nyumba zetu hazifanani na hizo. Chukua familia moja ya Tabata. Baba na mama wana IST na Noah. Noah huendeshwa na dereva wa kuajiriwa anayepeleka watoto shule. IST huendeshwa jioni na mtoto wa mjomba, anayebeba abiria kwa programu ya simu ili kusaidia ada yake ya chuo. Binti mkubwa yuko chuoni Dodoma na hana gari. Bibi yuko Mwanga, ana Corolla ya zamani inayompeleka kanisani na sokoni. Kadi zote tatu za magari zimeandikwa jina la baba. Mkataba unaosema "wanaoishi anwani moja" utamwacha bibi, huenda utamwacha dereva, na utamkana mtoto wa mjomba mara utakapogundua kwamba alikuwa kazini, kwa kuwa gari la biashara huwa na mkataba wake.

Kanuni ya kuanzia ni hii: magari yakizidi madereva, funga watu, madereva wakizidi magari, funga magari. Familia ya Tabata ina madereva watano na magari matatu, hivyo inafaa kufunga magari. Lakini haina haja ya kuyafunga yote kwa kiwango kimoja. Noah ndiyo inayobeba watoto na ndiyo inayokwenda Kilimanjaro Desemba, kwa hiyo ipewe mkataba mkubwa zaidi, wenye kuvutwa umbali mrefu na usafiri wa kuendelea na safari. IST ikatiwe mkataba mdogo wa ndani ya jiji, na matumizi ya biashara yatajwe mapema kwa maandishi, hata kama ada itapanda. Corolla ya bibi haitoki Mwanga. Fedha ambazo zingelipia mkataba wake zinunue betri mpya, tairi zuri la spea na makubaliano na fundi wa jirani. Binti hahitaji chochote kwa sasa. Nyumba hiyo itatumia fedha kidogo kuliko ingenunua mikataba mitatu inayofanana, na itakuwa imekingwa pale hatari ilipo.

Kilomita zisizosemwa dukani

Kifungu kinachoamua thamani ya mkataba ni umbali wa kuvutwa. Uingereza kwenyewe, mikataba ya bei ya chini ya baadhi ya kampuni hukomea maili 10, na msaada nyumbani kwako huuzwa kando, kwani huduma ya kawaida huanza takriban robo maili kutoka mlangoni. Kwetu, ambako mji mmoja na mwingine hutenganishwa na mapori, kifungu hicho kina uzito mara kadhaa.

Fanya hesabu. Segera iko takriban kilomita 280 kutoka Dar es Salaam. Mkataba ukitoa kilomita 50, zinabaki 230 za kulipia mwenyewe. Tuseme mwenye gari la kuvuta anataka shilingi 4,000 kwa kilomita: hiyo ni shilingi 920,000. Huenda akataka zaidi, kwa sababu naye ana safari ya kurudi mtupu. Upande wa Morogoro, barabara kuu hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na hakuna mzazi anayetaka kusubiri humo hadi alfajiri. Muulize muuzaji kuhusu maeneo hayo kwa majina: Segera nani atakuja? Mikumi usiku nani atakuja? Asiyeweza kujibu hana mtandao katika njia yako.

Uliza pia aina ya gari litakalokuja. Magari mengi ya familia siku hizi ni ya otomatiki. Yakikokotwa umbali mrefu huku matairi yanayosukumwa na injini yanazunguka chini na injini imezimwa, mafuta ya giaboksi hayazunguki ipasavyo, na giaboksi huweza kufa. Gari linaloendesha matairi yote manne linahitaji kupakiwa mgongoni, matairi yote yakiwa juu. Kuvutwa bure kwa kamba kunaweza kukugharimu giaboksi zima.

Vifungu vingine ni vifupi kueleza lakini huuma. Unaruhusiwa kuita mara ngapi kwa mwaka? Huduma huanza siku ya kulipa, au kuna siku za kusubiri? Spea na mafuta nani hulipia? Je, pancha huhudumiwa kama huna tairi la spea? Ufunguo uliofungiwa ndani na mafuta yaliyokosewa kituoni vimo? Tatizo lile lile likirudi baada ya wiki mbili bila kutengenezwa, watakuja? Mwenye kuuliza haya kabla ya kulipa hatayauliza barabarani.

Wauzaji nao wajirekebishe

Mshindani mkubwa wa msaada rasmi ni mtandao ambao kila nyumba tayari inao: fundi wa familia, shemeji mwenye pikapu, namba ya kijana wa Chalinze iliyohifadhiwa kwenye simu tangu mwaka juzi. Mtandao huo ni wa haraka na hauna masharti madogo madogo. Udhaifu wake ni bei inayopangwa mteja akiwa hana njia nyingine, na kwamba hauna wa kumlalamikia. Kampuni itakayoushinda ni ile itakayowaingiza vijana hao wa Chalinze na Korogwe kwenye mikataba, iwalipe mapema, na itangaze viwango vyake vya kilomita hadharani.

Tena ibuni mkataba wa kaya unaoijua kaya yenyewe: dereva wa kuajiriwa, bibi wa kijijini, kijana anayetumia gari kwa biashara jioni, na gari la pili linaloamka msimu wa sikukuu tu. Mamlaka za bima, TIRA kwa Tanzania na IRA kwa Kenya, zingefanya jambo kubwa kama zingetaka bima yoyote inayotaja msaada wa barabarani iandike mambo manne kwenye ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili cha kawaida: nani anakuja, ndani ya muda gani, anavuta kilomita ngapi, na mara ngapi kwa mwaka.

Mpaka hapo, kazi ni ya mnunuzi. Kaeni nyumbani kabla ya msimu wa safari, mwandike majina ya wote wanaoshika usukani, njia wanazopita na saa wanazopita. Karatasi hiyo ndiyo mpeleke kwa muuzaji. Akijibu safari zenu moja moja, mlipeni. Akiwaonyesha bei tu, endeleeni kutafuta.