Ushanga wa Magadi na jina la mshonaji

Mtu wa pwani akitaka kazi nzuri ya sindano hatazamii kuipata Magadi. Ni bondeni huko, kusini-magharibi mwa Nairobi, katika Kajiado. Joto lake ni la tanuri, na ziwa lenyewe ni magadi matupu. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Lakini penye chemchemi za maji moto, kando ya ziwa, huketi kina mama wa Kimaasai wakiwauzia wageni mikufu na vikuku vya shanga. Nami nilikwenda kuitazama kazi hiyo, maana napenda kila kitu kilichopitiwa na sindano.

Huu ni ushoni hasa, wala si kutunga shanga tu. Zamani ngozi ilitobolewa kwa msharasi, ikapitishwa uzi wa kano za mnyama, na shanga zikashonewa safu kwa safu. Siku hizi uzi ni wa nailoni, lakini hesabu ya rangi ni ile ile: nyekundu ikae wapi, nyeupe iikate wapi, buluu ifuate nini. Donna Klumpp, aliyeandika tasnifu yake juu ya sanaa ya Wamaasai mwaka 1987, alieleza kwamba kila tawi la Wamaasai lina mpango wake wa rangi, na kila rika jipya la morani huja na mtindo wake. Basi anayejua kusoma atautazama mkufu na kusema: huu ni wa Iloodokilani wa hapa Magadi, ule ni wa Kisongo wa Tanzania, huu ni wa siku za Ilseuri, ule wa Ilkitoip.

Nasi watu wa pwani tumo katika habari hii. Shanga zilitoka Venice na Bohemia, zikashuka Mombasa na Pangani, zikapanda bara kwa mabega ya wapagazi wetu. Joseph Thomson, Mskoti aliyekwenda Umasaini mwaka 1883, alipofika Taveta alikuta shanga zake hazifai mpaka zitungwe kwa kipimo wanachokitaka Wamaasai. Wapagazi wa Kiswahili wakaketi wakatunga maelfu ya nyuzi. Mnunuzi ndiye aliyetoa amri; muuzaji alitii.

Sasa tutazame wakusanyaji. Huko Uingereza, kukusanya darizi za kale ni kazi ya watu wenye fedha na wenye ilimu pia. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kipo kitambaa alichokitarizi Jane Bostocke mwaka 1598. Ndicho kitambaa cha kujifunzia darizi cha zamani zaidi cha Kiingereza chenye tarehe. Mama huyo alishona mifano yake ya mishono, kisha akashona na jina lake, akaongeza na habari ya kuzaliwa kwa mtoto. Amekufa karne nne zilizopita, na leo tunamtaja kwa jina hapa pwani.

Je, ni nani aliyeushona mkufu wa Kimaasai ulioko katika jumba kama hilo? Mara nyingi kipande cha karatasi husema tu: Maasai, Afrika ya Mashariki. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, Mmaasai wa Tanzania, alizuru jumba la Pitt Rivers, Oxford, akakuta vitu vya kwao vimeelezwa visivyo. Wazee kutoka Kenya na Tanzania wakaja kuvichungua, wakabaini vitano ambavyo havikupaswa kuwapo hapo kabisa, yakiwamo mapambo ya kurithiwa, ambayo hayauzwi wala hayapewi mgeni. Mwaka 2023 wakuu wa jumba hilo walikuja huku kufanya suluhu na familia zenyewe.

Tusidhani lakini kwamba wakusanyaji ni wageni peke yao. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, na ambaye mama yake alikuwa Mmaasai, alikusanya vitabu, nguo na mapambo ya Afrika nzima. Baadhi ya hazina yake imo Nairobi Gallery. Aliona kwamba kisichowekwa na wenyewe kitawekwa na wengine, na kitawekwa watakavyo wao.

Huko Magadi vitu vya kale ni haba. Ushanga mkuukuu hufumuliwa, na shanga zake zikaingia katika kazi mpya. Si vibaya, ndivyo kazi hai ilivyo. Kinachoniuma ni kwamba mgeni hulipa, huondoka, wala haulizi: mama, jina lako nani, na umeshonea rika gani? Nilipomwuliza mmoja wao alicheka, akasema wengi huuliza bei.

Tuliosoma chuoni twajua kwamba habari hupimwa kwa sanadi yake: fulani kapokea kwa fulani. Kazi ya mkono nayo ni habari. Tena tusiwacheke Wamaasai wala Waingereza, bali tutazame vichwani mwetu. Kofia ya viua, iliyomchukua mtu miezi kuishona huko Lamu au Unguja, twaijua bei yake na twaisifu wakati wa Idi, ilhali mshonaji hatumtaji. Na kofia za mashine kutoka Uchina zimekwisha kujaa madukani.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi ewe msomaji, ukiwa na kofia ya babu au mkufu ulionunua Magadi, chukua kikaratasi uandike: nani alishona, wapi, mwaka gani, na alimshonea nani. Kitie pamoja na kitu hicho sandukuni. Na kama bibi aliyeshona yu hai, mwendee wiki hii.