Rubani Mwalimu na Mwanafunzi Aliyeandika Habari Zake

Hapa Kibuyuni, na kwa jirani zetu wa Shimoni na Wasini, neno rubani ni la zamani kuliko ndege. Rubani alikuwa mtu wa bahari. Ndiye aliyejua mwamba ulipo maji yakiwa yamejaa, na mlango wa kuingizia jahazi usiku. Wala ujuzi huo hakuupata darasani, bali aliketi miaka mingi ubavuni mwa mzee aliyejua. Eropleni zilipofika katika nchi zetu, Waswahili hawakujisumbua kutafuta neno jipya. Walilitwaa lile lile la baharini wakampa mwenye kuongoza chombo cha angani, nami naona hawakukosea.

Katika habari za marubani wa kwanza wa Kenya wamo wawili, mwalimu na mwanafunzi, waliorithishana kazi kwa desturi hiyo ya baharini. Mwalimu ni marehemu Bwana Tom Campbell Black, aliyefariki mwaka 1936 bila kuacha kitabu chochote kuhusu mafunzo yake. Mwanafunzi ni marehemu Bibi Beryl Markham, aliyefariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, naye ndiye aliyeandika. Ni vigumu kumkumbuka mmoja na kumwacha mwenziwe.

Bwana Campbell Black alizaliwa Uingereza mwaka 1899, akarusha ndege katika Vita Kuu vya kwanza, kisha akaja Kenya kulima. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson, mjane mwenye mali na moyo wa kuthubutu, alitoa fedha ikaanzishwa kampuni ya Wilson Airways, na Campbell Black akawa mkuu wa marubani wake. Walianza na ndege moja ndogo. Kiwanja cha Wilson kule Nairobi kingali kinalichukua jina la bibi huyo. Mwaka 1931 Campbell Black alimwokoa rubani Mjerumani, Ernst Udet, aliyekwama katika vinamasi vya mto Nile huko Sudan. Kumtafuta mtu mmoja katika matete yasiyo na mwisho, kwa ndege isiyo na simu ya upepo, si jambo dogo.

Lakini sifa yake iliyodumu ni ualimu. Bibi Beryl aliletwa Kenya angali mtoto mdogo, akakulia Njoro katika shamba la baba yake, akizungumza Kiswahili na lugha ya watoto wa Kinandi aliocheza nao. Alikuwa mfunzaji wa farasi alipoanza kujifunza urubani mwaka 1931.

Namna alivyofundishwa inastahili kuelezwa. Ndege yenyewe ilikuwa na viti viwili na vyombo vya kuongozea viwili, mwalimu kimoja na mwanafunzi kimoja. Siku moja, kwa jinsi alivyosimulia kitabuni, walielekea vilima vya Ngong. Upepo unaovuka vilima hushuka kwa nguvu upande wa pili, na ndege ikiingia humo huzama kama ngalawa iliyoshuka kutoka kwenye wimbi. Campbell Black alilijua hilo vema, lakini hakusema neno. Alimwacha mwanafunzi aone ardhi ikimjia, apigane na chombo, atambue kwamba nguvu zake hazitoshi. Hapo ndipo alipokishika chombo mwenyewe akaigeuza ndege. Kisha akamweleza jina la jambo lililompata, na kwamba angeweza kumwonya mapema, ila hakutaka kumnyima haki yake ya kukosea.

Wako watakaosema huo ni ukatili. Sisi watu wa pwani twajua nahodha humpa kijana usukani katika mlango wa mwamba naye akajifanya anatazama tanga, kumbe mkono wake uko karibu. Ukimwambia kijana mara mia kwamba mkondo ni mkali, atakuitikia. Ukimwacha auonje mara moja, hutamwambia tena. Shida ya mafunzo ya namna hii ni kwamba mwalimu lazima awe na hakika ya wakati wa kunyosha mkono. Akichelewa kidogo, wamekufa wote wawili.

Tena hakuwa mtu wa kuacha kila jambo lijifundishe. Mwezi Mei mwaka 1931 Bwana Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri, alitaka kwenda Voi, ng'ambo ya nyika yetu hii, kujaribu kutafuta ndovu kwa ndege, akamwalika Bibi Beryl. Campbell Black alimsihi asiende, naye akatii. Tarehe 14 mwezi huo ndege ya Finch Hatton ilianguka Voi mara tu baada ya kuruka, ikawaka moto. Alikufa yeye pamoja na mtumishi wake Kamau.

Kazi ile ile ya kutafuta ndovu kutoka juu ndiyo aliyoifanya Bibi Beryl baadaye, pamoja na kuchukua abiria, barua na mizigo. Mwaka 1933 alipata cheti cha rubani wa kulipwa, na kabla yake hakuna mwanamke mwingine wa Kenya aliyekuwa amekipata. Ndege yake ikitunzwa na rafiki yake wa utotoni, arap Ruta, ambaye walipokuwa watoto akiitwa Kibii. Twamjua arap Ruta kwa kalamu ya mwenziwe tu. Ningependa sana kusoma mambo hayo kama yeye alivyoyaona.

Campbell Black alikuwa amekwisha kurudi Uingereza. Oktoba 1934, yeye na C. W. A. Scott walishinda mashindano makubwa ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa muda wa saa 71. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya mwanafunzi. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 Bibi Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, bila simu ya upepo, akiifuata dira juu ya Atlantiki yenye giza na dhoruba. Baada ya zaidi ya saa 20 mafuta yaliacha kufika kwenye injini, akashuka katika kinamasi huko Cape Breton, Kanada. Hakufika New York alikokusudia, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari hiyo peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi bila kutua.

Siku kumi na nne baadaye, tarehe 19 Septemba, Campbell Black alikuwa chini katika kiwanja cha Speke, Liverpool, ndani ya ndege aliyokuwa akiiandaa kwa mashindano ya kwenda Johannesburg. Ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua ikamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Kitabu cha Bibi Beryl, *West with the Night*, kilitoka Marekani mwaka 1942. Ernest Hemingway alikisifu sana katika barua yake, lakini dunia ilikuwa vitani, nacho kikasahauliwa. Kilipochapishwa tena mwaka 1983 mwenyewe alikuwa bibi kizee, anakaa katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi Nairobi, na mapato ya kitabu hicho yalimfaa katika miaka yake ya mwisho.

Tangu hapo wataalamu wamebishana kama kweli aliandika yeye, au ni mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, Mmarekani aliyekuwa mwandishi kwa kazi yake. Bibi Mary Lovell, aliyeandika maisha ya marehemu, asema ni yeye. Bibi Errol Trzebinski asema ni mume. Huenda mume alinyosha sentensi hapa na pale. Lakini ile hofu ya ardhi inayokuja, na mwalimu aliyenyamaza katika kiti cha pili, Schumacher hakuwamo katika ndege ile juu ya Ngong.