Kabla hujasaini kuchukua kampa mpya, oga humo ndani kwanza

Najua nimepotea kidogo. Sababu ni hamahama. Mama Neema amepata kazi ya uuguzi ya mikataba, ile ambayo unapelekwa hospitali ya mji mwingine kwa wiki 13, ikiisha unahamia kwingine. Tukapiga hesabu ya kulipa moteli kila tukihama, tukaona heri tununue nyumba ya kukokota. Hapa Texas wanaiita kampa. Ni trela refu lenye kitanda, jiko, choo, bafu, friji na kiyoyozi. Unalifunga nyuma ya pikapu, unaondoka nalo.

Kuna mdogo wangu yuko Minnesota naye anataka kununua, kaniuliza jinsi ya kukagua. Nimeona nimjibu hapa mbele ya wote. Hata wewe uliyeko kafe pale Mwenge na huna mpango wowote na kampa, ipo siku utakabidhiwa kitu kipya cha pesa nyingi chenye mabomba na nyaya ndani, na mtu atakusogezea kalamu.

Kwanza ondoa imani kwamba kipya maana yake ni kizima. Sehemu kubwa ya kampa za Marekani zinatengenezwa kaskazini mwa jimbo la Indiana, mji wa Elkhart na maeneo yanayouzunguka. Mwaka 2021, watu walipokuwa wanakimbia hoteli na ndege kwa ajili ya korona, viwanda vilipeleka kwa wauzaji zaidi ya kampa na magari ya kulala laki 6, rekodi ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana. Vitu hivi vinaunganishwa kwa mikono tena harakaharaka: mbao nyembamba, plaiwudi, gundi, pini za bunduki ya hewa, mabomba ya plastiki. Halafu kampa inafungwa nyuma ya gari na kukokotwa mpaka kwa muuzaji. Yetu ilitembea karibu maili 1,000, yaani kama kilomita 1,600. Toka Dar mpaka Mwanza na bado unaendelea! Sasa niambie, ni nyumba gani nyingine inatikiswa hivyo kabla mwenyewe hajaingia? Unapoikuta yadi inang'aa, hakuna aliyewahi kuoga wala kulala humo. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuijaribu. Utaijaribu kabla ya kusaini au baada?

Na hapo kwenye kusaini ndipo wengi tunaingizwa mjini. Mimi mwenyewe nilidhani kuna siku 3 za kubadili mawazo. Hiyo kanuni ya serikali kuu ipo kweli, ila ni ya vitu unavyouziwa nyumbani kwako au mahali ambapo siyo duka la muuzaji. Ukijipeleka mwenyewe yadini, haikuhusu. Sheria za majimbo za kumlinda aliyeuziwa gari bovu nazo hazifanani, na kuna majimbo ambayo trela la kukokota halimo kabisa. Waranti unayo, mara nyingi ya mwaka mmoja. Lakini waranti inakuahidi matengenezo, haikuahidi lini. Kampa inaweza kulala kwa fundi wiki nyingi, hata miezi, ikisubiri kipuri, na rejesho la benki linakatwa kila mwezi kama kawaida. Kwa anayeitumia kwenda kuvua samaki wikiendi ni kero. Kwetu sisi ilikuwa ndiyo nyumba.

Kuna mzee mmoja Mkenya, dereva wa lori, aliyeishi kwenye kampa miaka kadhaa. Nilipomwambia Jumamosi nakwenda kuchukua yangu akaniambia, "Kijana, usisaini mpaka uoge humo ndani." Nikacheka. Akasema hatanii, niende na taulo.

Basi Jumamosi nikaenda na taulo. Nilibeba pia tochi, ngazi, kipimo cha upepo wa matairi, chupa ya maji ya sabuni, kifaa cha kupimia soketi (kinauzwa dola chache tu, unakichomeka kinawasha taa tatu) na utepe wa karatasi wa rangi ya bluu. Utepe ni wa kubandika kila penye kasoro, ili fundi asikuambie hakupaona. Yadi walikuwa wametupangia saa moja. Huyo kijana wa kutuonyesha anakutembeza: hiki kitanda, hili jiko, hongereni sana. Hiyo siyo kukagua, hiyo ni kutembezwa. Mimi nilikaa saa tano na nusu. Usione aibu, pesa ni yako. Na siku mbili kabla niliwaandikia barua pepe niikute kampa imeunganishwa umeme na maji, mitungi ya gesi imejaa na friji imewashwa tangu jana yake. Friji inayotumia gesi inapoa polepole mno, inachukua hata saa 12 au zaidi. Ukiiwasha asubuhi ileile utaondoka hujui kama ni nzima.

Nilianza juu. Paa la kampa nyingi ni utando wa raba, na kila penye tundu (feni, bomba la hewa ya choo, kiyoyozi) pamezungushiwa gundi ya kuzibia. Fuata gundi hiyo kwa macho na kidole, inchi kwa inchi, maana mvua ndiyo adui namba moja wa kampa. Maji yakipenya yanakula mbao za ndani kimyakimya, na ukiliona doa kwenye dari ujue ndani kumeshaoza. Yangu ilikuwa na ufa wa kama urefu wa kidole nyuma ya feni ya bafuni. Utepe wa kwanza huo. Ukishuka, simama kwenye kona, mulika ukuta kwa pembeni uutazame kwa urefu wake wote. Ukiona umevimba kama chapati kwenye kikaango, gundi imeachia na fiba inabanduka kutoka kwenye ubao. Hiyo usiikubali kabisa, achana nayo. Hakuna kiraka.

Matairi: pembeni kuna herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. 3224 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2024. Tazama yote pamoja na la akiba, kampa mpya inaweza kuwa imekaa yadi mwaka mzima juani. Pia soma karatasi ya njano iliyobandikwa karibu na mlango, imeandikwa uzito wa mizigo unaoruhusiwa kupakia. Maji uliyoyabeba nayo ni mzigo. Tenki la galoni 40 ni lita 150 na ushee, yaani kilo 150 kabla hujaweka hata sufuria. Linganisha na namba ya chasisi kwenye mkataba, kisha ingia ndani.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo palipotuokoa.

Kampa ina njia mbili za maji. Unaweza kuunganisha mpira kwenye bomba la nje, au kujaza tenki lako na kutumia pampu ndogo ya betri. Jaribu zote mbili. Kwenye pampu kuna kipimo kizuri kuliko vyote na hakina gharama. Washa pampu, fungua koki zote mpaka hewa iishe, halafu zifunge zote. Pampu itanguruma kidogo, ikishajaza presha itanyamaza. Zima kiyoyozi, zima redio, mwambie kijana wa yadi anyamaze. Kaa usikilize robo saa. Pampu ikinguruma tena wakati hakuna aliyefungua koki, presha imepungua. Na presha haipungui bila maji kwenda mahali. Mahali hapo ndipo unapopatafuta.

Yangu ilinguruma baada ya dakika nne hivi. Kijana akasema ni kawaida ya pampu mpya. Ikanguruma tena. Nikapiga magoti na tochi, nikafungua kimlango kidogo nyuma ya bafu. Kumbe kiungio cha plastiki kilikuwa kimeshikiliwa na nyuzi mbili tu, tone linadondoka, plaiwudi ya sakafu imeshalowa ukubwa wa sahani. Tone kwa tone! Tungeondoka nalo hivyo, Neema angekuja kuzama na mguu kwenye sakafu ya bafu.

Hita ya maji ina onyo lake: ikiwa unatumia umeme, usiiwashe kabla tenki lake halijajaa. Waya wa kuchemshia ukiwaka mkavu unaungua mara moja. Subiri kama nusu saa, kisha fanya alichosema mzee. Nilioga kweli, Mama Neema anacheka nje. Kuoga kunapima vingi kwa mpigo: maji ya moto yanadumu muda gani, presha ikoje, sakafu ya bafu inalia au hailii, mlango unazuia maji au yanakimbilia jikoni, na kama maji machafu yanaondoka au yanakurudia miguuni. Masinki nayo ziba, jaza mpaka juu, achia yote kwa pamoja huku mtu anamulika chini. Maji machache hayaonyeshi uvujaji wa bomba la kutolea uchafu, mengi ndiyo yanaonyesha.

Umeme ni wa aina mbili. Taa na pampu zinatumia volti 12 za betri, soketi na kiyoyozi zinatumia volti 120 za kutoka nje (siyo 230 kama huko nyumbani, msije mkachomeka pasi ya Bongo mkashangaa haipati moto). Pima kila soketi, hata ile ya nyuma ya kitanda. Moja yangu haikuwa na waya wa ethi. Kiyoyozi kiache kifanye kazi zaidi ya nusu saa, kisha pima joto la hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti iwe kama nyuzi 8 mpaka 11 za Selsiasi. Julai ya Texas siyo ya kubahatisha.

Gesi: maji ya sabuni kwenye kila kiungo, ukiona mapovu yanakua pana uvujaji. Moto wa jiko uwe wa bluu. King'ora cha gesi utakikuta chini karibu na sakafu, siyo kosa la fundi, gesi hii ya propeni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini. King'ora cha moshi na cha kaboni monoksidi vibonyeze vilie. Taa zote za nyuma na breki zijaribiwe zikiwa zimeunganishwa na pikapu lako, siyo lao. Kuna na waya mwembamba wenye pini hapo mbele, trela likichomoka barabarani pini inang'oka na breki zinajikaba zenyewe. Ivute, trela ligome kusogea, uirudishe.

Mwisho ni ule ukuta unaotoka nje kama droo kuongeza nafasi ya sebule. Utoe na kuurudisha mara tatu, mtu mmoja ndani mmoja nje. Raba yake ya kuzuia maji ilikuwa imechanika kona ya chini.

Jumla nilibandika tepe 14. Nyingi ni upuuzi, milango ya makabati na pazia. Tatu hazikuwa upuuzi: paa, lile bomba, na raba. Na ile soketi tuseme ya nne.

Meneja akaja na kalamu, mtu mpole kabisa. Akasema vitu vyote hivyo viko ndani ya waranti, tusaini tu leo, tukifika tuendako tutafute fundi. Mama Neema akanivuta pembeni. "Baba Neema, mimi Jumatatu saa moja asubuhi niko wodini Amarillo. Tutalala wapi?" Toka hapo yadi mpaka Amarillo ni zaidi ya kilomita 500. Nyumba ya kupanga tulishairudisha funguo. Nisiwadanganye, nilishika kalamu. Nikafikiria fundi yupi Amarillo atanipokea na lini, na mimi naishi ndani ya hicho ninachotaka kikatengenezwe. Nikairudisha mezani.

Mama Neema hakuongea na mimi mpaka jioni. Akachukua ile Corolla yetu na mtoto, wakaenda kulala moteli Amarillo siku tatu, kama dola 80 kwa usiku. Mimi nikabaki kwa rafiki. Jumatatu na Jumanne mafundi wa yadi walifanya kazi, na nikashangaa jinsi mambo ya "wiki sita kwa waranti" yalivyomalizika kwa siku mbili wakati benki haijawapa hela. Wakakaza bomba, wakakausha na kubadili kipande cha sakafu, wakaziba paa, wakaweka waya wa ethi. Nikarudia kipimo cha pampu, robo saa nzima, kimya. Raba hawakuwa nayo, ikabidi waiagize, hivyo nikataka iandikwe kwenye karatasi: kipuri gani, watalipa wao, tarehe, sahihi ya meneja. Ndipo nikasaini na mimi.

Njiani simama maili ya 10, ya 25 na ya 50 ukaze nati za magurudumu. Nati za magurudumu mapya zinajilegeza. Maili ya 10, mbili zilizunguka.

Nilifika Amarillo saa tatu usiku. Mama Neema ametoka zamu, bado ana nguo za kazi. Hakuuliza safari. Aliuliza kama maji ya moto yapo, akachukua taulo akaingia.

Ile raba mpaka leo naandika haijafika. Karatasi ninayo, nawapigia kila Ijumaa.