Bei ya bima ya gari: nani ameiona hesabu?

Kila mwaka, mwenye gari dogo la binafsi mjini Sumbawanga hulipa shilingi 118,000 kwa bima ndogo: laki moja ni ada, na 18,000 ni Kodi ya Ongezeko la Thamani. Akitaka bima kubwa, kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la shilingi milioni 20 hutozwa 700,000, na kwa kodi hufika 826,000. Kwa familia inayotegemea mahindi na maharage ya Ufipa, fedha hizo zinastahili swali: zimehesabiwaje?

Swali hilo si la ubishi. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimu mwenye chombo kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine. Anayelazimishwa kununua ana haki ya kujua sababu ya bei.

Bei ya bima huzaliwa na madai. Tuchukue mfano: magari 1,000 yakichangia laki moja kila moja, hupatikana milioni 100. Fidia za mwaka zikiwa milioni 90, ada ni finyu. Zikiwa milioni 30, ada ni kubwa mno. Lakini vitabu vya madai vya kila kampuni, mlipaji wa kawaida havioni. Dereva mwangalifu akihama kampuni, sifa yake hubaki nyuma. Mdanganyifu naye huweza kudai ajali moja kwa kampuni mbili.

Uingereza ilianzisha kanzidata ya pamoja ya madai, CUE, mwaka 1994. Jirani zetu wa Kenya, kupitia umoja wa kampuni za bima, AKI, walijenga mfumo wa pamoja wa taarifa za bima za magari ili kubana udanganyifu. Nasi msingi tunao. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya 2009, ina mfumo wa TIRAMIS, ambamo mwananchi huhakiki kama bima ya chombo ni halali. Hatua inayofuata ni kumwezesha kuona pia madai: mangapi yamepokelewa, mangapi yamelipwa, kwa muda gani, kwa aina gani ya chombo na katika mkoa upi.

Hapa Ufipa jambo hilo lina uzito. Gari linalokwenda Tunduma kwa lami halina hatari sawa na lori linaloteremka na shehena kwenda bonde la Ziwa Rukwa. Zaidi ya bei, yupo mjane ambaye mumewe aligongwa barabarani, naye anasubiri fidia kwa uamuzi unaofanyika mbali, Mbeya au Dar es Salaam. Muda wa malipo wa kila kampuni ukitangazwa, ucheleweshaji hautajificha.

Kwa Waislamu, hoja hii ina mizizi. Fiqhi inakataza gharar, yaani mkataba wenye utata unaomdhuru mmoja wa wahusika, na aya ya 282 ya Surat al-Baqarah inaamrisha deni liandikwe kwa uadilifu. Hata takaful, ambayo TIRA imekwisha kuitolea miongozo, haiepuki wajibu huu: wanaochangia mfuko wa kusaidiana wanahitaji zaidi kuiona hesabu yake.

Tusijidanganye, hata hivyo. Kanzidata haiahidi bei nafuu kwa wote; huenda wenye vyombo vya hatari wakapandishiwa. Tena historia ya mtu ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 izingatiwe: umma uone jumla bila majina, na kila mtu aweze kuona na kusahihisha kumbukumbu zake mwenyewe.

Wakati tukisubiri, kila familia ihakiki bima yake katika TIRAMIS, itunze stakabadhi na nakala za madai, na inapohama kampuni iombe barua ya kuthibitisha miaka iliyopita bila madai. Aliyenyimwa haki na kampuni anaweza kufika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na tunapolipa, tusione haya kumuuliza wakala: bei hii imetokana na hesabu gani?