Sigara moja moja: sheria ya Uganda inasema nini, na nani anafaidika ikiendelea kuuzwa

Huenda umeiona leo asubuhi ulipokwenda kununua chumvi au sabuni. Kwenye kaunta ya duka kuna pakiti ya sigara iliyofunguliwa, na pembeni yake kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba ili kisiibiwe. Mteja anatoa sarafu, anapewa sigara moja, anaiwasha papo hapo na kwenda zake. Hakuna anayeshangaa. Katika makazi ya wakimbizi, kama ilivyo katika miji na vijiji vingi vya Uganda, hivyo ndivyo sigara nyingi zinavyouzwa.

Watu wengi hawajui kwamba biashara hiyo imekatazwa na sheria. Wengine wamesikia, lakini hawajaelezwa sababu. Makala hii inaeleza sheria inasema nini, kwa nini kampuni za tumbaku zilipambana nayo, na wewe kama mzazi, mwenye duka au mvutaji unaweza kufanya nini.

Sheria inasema nini?

Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2015, na ikaanza kutumika tarehe 19 Mei 2016. Sheria hii inamhusu kila mtu aliye ndani ya nchi, raia na mkimbizi. Haya ni baadhi ya mambo yanayokugusa moja kwa moja:

- Ni marufuku kuuza sigara moja moja. Sigara inauzwa kwa pakiti nzima.
- Ni marufuku kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 21.
- Ni marufuku kuvuta ndani ya maeneo ya umma, mahali pa kazi na kwenye vyombo vya usafiri wa abiria, pamoja na umbali wa mita 50 kutoka maeneo ya umma. Shule, kituo cha afya na ofisi za huduma zote zimo.
- Ni marufuku kutangaza bidhaa za tumbaku, na kampuni za tumbaku haziruhusiwi kudhamini matamasha au michezo.
- Shisha na sigara za kielektroniki haziruhusiwi kabisa.
- Onyo la afya lazima lifunike asilimia 65 ya pakiti, mbele na nyuma.

Anayevunja masharti haya anaweza kufikishwa mahakamani. Kusema "mimi ni mkimbizi, sikujua" hakumwondolei mtu kosa, kwa sababu Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtaka mkimbizi afuate sheria za nchi iliyompokea.

Kwa nini sigara moja tu iwe tatizo?

Ni swali la haki. Mtu anaweza kusema: anayenunua moja anavuta kidogo kuliko anayenunua pakiti, sasa ubaya uko wapi?

Fikiria kwanza mtoto wa miaka 13. Hana pesa ya pakiti nzima. Hata angekuwa nayo, angeogopa kukutwa na pakiti mfukoni. Lakini sarafu moja anayo, na sigara moja inaisha kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo sigara ya moja moja ndiyo inayomfungulia mtoto mlango. Mwaka 2016 muungano wa mashirika ya Afrika yanayopinga tumbaku ulitoa ripoti kuhusu nchi tano, Uganda ikiwa mojawapo. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba sigara zilikuwa zikiuzwa moja moja karibu na shule za msingi.

Pili, onyo la afya limechapishwa kwenye pakiti. Anayenunua sigara moja haishiki pakiti, kwa hiyo haoni onyo wala hasomi chochote.

Tatu, bei inajificha. Tuchukue mfano wa hesabu. Ikiwa sigara moja ni shilingi 300 na unavuta nne kwa siku, hiyo ni shilingi 1,200. Haionekani kuwa nyingi. Kwa mwezi ni shilingi 36,000. Ungeambiwa utoe 36,000 kwa mara moja, ungesita. Zikitoka kidogo kidogo, huzioni zikiondoka. Na katika kipindi hiki ambapo msaada wa chakula umepunguzwa, hiyo ni pesa ya unga, maharagwe, sabuni na madaftari ya watoto.

Nne, anayejaribu kuacha anategwa. Amekaa siku tatu bila kuvuta, anapita dukani, anaona pakiti iliyo wazi na kiberiti kikining'inia. "Moja tu," anajiambia. Kesho anarudi pale pale.

Nani anafaidika?

Mwenye duka anapata faida ndogo kwa kila sigara. Lakini mwenye faida kubwa yuko mbali.

Kampuni za tumbaku zina tatizo ambalo biashara nyingine hazina: bidhaa yao inawaua wateja wao. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwemo watu zaidi ya milioni moja ambao hawavuti bali wanavuta moshi wa wengine. Wengine wanaacha wenyewe. Ili biashara iendelee, lazima wapatikane wateja wapya, na wengi wanaoanza kuvuta huanza wakiwa vijana. Karibu asilimia 80 ya wavutaji wa dunia sasa wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi tajiri uvutaji unapungua, kwa hiyo macho ya kampuni yanaelekea huku kwetu.

Kampuni hizo zilijua madhara tangu zamani. Desemba 1953 wakuu wa kampuni kubwa za Marekani walikutana katika hoteli moja mjini New York, baada ya wanasayansi kuonyesha kwamba sigara inahusiana na saratani ya mapafu. Mwezi uliofuata walichapisha tangazo katika mamia ya magazeti, wakiwaahidi watu kwamba afya yao ni jambo la kwanza kwao, na kwamba utafiti utaendelea. Kwa miaka mingi baadaye waliendelea kusema kwamba jambo hilo halijathibitishwa. Mwaka 2006, baada ya mamilioni ya kurasa za nyaraka zao za ndani kutolewa mahakamani, Jaji Gladys Kessler wa Marekani aliamua kwamba kampuni hizo zilikuwa zimewadanganya wananchi kwa miongo mingi.

Tunaikumbuka historia hiyo kwa sababu njia zile zile zimetumika katika kanda yetu. Sheria ya Uganda ilipoanza kutumika mwaka 2016, kampuni ya British American Tobacco Uganda ilikwenda Mahakama ya Katiba kupinga vifungu kadhaa, kikiwemo cha onyo kubwa kwenye pakiti. Ilidai kwamba vinavunja haki zake za kikatiba. Kesi ilichukua miaka mitatu. Tarehe 28 Mei 2019 majaji walikataa madai yote kwa kauli moja, wakaitaka kampuni ilipe gharama. Walisema pia kwamba kesi hiyo ilikuwa sehemu ya mkakati wa dunia nzima wa kudhoofisha sheria ili biashara ipanuke, bila kujali afya za watu.

Kenya nako yalikuwa hayo hayo. Kampuni ndugu ilipinga kanuni za tumbaku za mwaka 2014 katika Mahakama Kuu, ikashindwa. Ikaenda Mahakama ya Rufaa, ikashindwa tena. Mwisho ilifika Mahakama ya Juu, ambayo nayo ilitupilia mbali rufaa hiyo mwezi Novemba 2019. Ikiwa una ndugu Kakuma, mwambie kwamba hata huko sigara ya moja moja imekatazwa: pakiti lazima iwe na sigara zisizopungua kumi.

Jiulize swali moja: kama onyo, marufuku ya matangazo na kadhalika havipunguzi wavutaji, kwa nini kampuni itumie miaka na mawakili kuvipinga?

Na kama kampuni inakuja na msaada?

Swali hili linawahusu hasa viongozi wa RWC, vikundi vya vijana na wanaoandaa mashindano ya mpira. Tunaishi katika mazingira ambayo msaada hautoshi. Akija mtu na jezi, miche ya miti au tangi la maji, ni vigumu kukataa.

Kwa tumbaku, ni lazima kuuliza kwanza pesa inatoka wapi. Uganda, Kenya na nchi nyingi za dunia zimetia saini Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005. Kifungu cha 5.3 cha mkataba huo kinazitaka serikali zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya sekta ya tumbaku. Sheria ya Uganda ina sehemu nzima inayohusu jambo hilo. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Jezi yenye jina la kampuni ni tangazo linalotembea. Na kiongozi aliyepokea zawadi atapata shida kesho kusema hapana.

Moshi unafanya nini ndani ya nyumba zetu?

Nyumba nyingi makazini ni za chumba kimoja au viwili, zenye madirisha madogo. Moshi wa sigara ya mtu mmoja unavutwa na wote waliolala humo. Watoto wadogo wanaoishi na wavutaji hupata zaidi magonjwa ya mapafu, masikio na pumu. Kwa mama mjamzito, moshi huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Kuna pia kifua kikuu. Mvutaji ana hatari inayozidi mara mbili ya kuugua kifua kikuu kuliko asiyevuta, na akiugua, matibabu yake huwa magumu zaidi. Pale watu wanapolala wengi katika chumba kimoja, hilo si jambo la mtu binafsi.

Kwa wanaofanya vibarua katika mashamba ya tumbaku, kwa mfano katika eneo la Bunyoro, kuna hatari nyingine. Nikotini hupenya kwenye ngozi, hasa majani yakiwa na umande au mvua. Ukianza kuhisi kichefuchefu, kizunguzungu, kutapika na kichwa kuuma baada ya kushika majani, usidhani ni malaria peke yake. Osha ngozi kwa sabuni, badili nguo, na umweleze mhudumu wa afya kwamba ulikuwa shambani kwa tumbaku. Watoto wasipelekwe kuvuna majani hayo.

Ufanye nini?

Kama wewe ni mwenye duka. Tunajua neno linalosemwa: "Nikiacha mimi, jirani ataendelea, na mteja wangu atahamia kwake." Ni kweli kwamba mtu mmoja peke yake anaumia. Kwa hiyo zungumzeni pamoja, wenye maduka wa mtaa mmoja, mkiwa na kamati ya soko au RWC, mkubaliane siku ya kuacha. Anza na hatua mbili zisizo na mjadala: usimuuzie mtu wa chini ya miaka 21 hata akisema ametumwa na baba, na usiache pakiti wazi kwenye kaunta.

Kama wewe ni mzazi. Usimtume mtoto kununua sigara. Anayetumwa leo kwa ajili ya baba atajua bei na njia kesho kwa ajili yake mwenyewe. Kama unavuta, vutia nje, mbali na nyumba na watoto, huku ukijiandaa kuacha.

Kama wewe ni mvutaji. Makala hii haikuandikwa kukuaibisha. Huenda ulianza kuvuta njiani wakati wa kukimbia, au usiku ambao usingizi ulikataa. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, ndiyo maana unahisi kutulia. Lakini sehemu kubwa ya utulivu huo ni kuondolewa kwa hamu ambayo sigara iliyotangulia ndiyo iliyoileta.

Siku tatu za kwanza za kuacha ndizo ngumu zaidi. Hamu kali hudumu dakika chache, kisha hupita hata usipovuta. Kunywa maji, tembea, mpigie rafiki, pitia njia isiyo na duka lile. Waambie watu wa nyumbani siku uliyoichagua. Mwili unaanza kupona mapema: dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa imepungua kwa nusu hivi ukilinganisha na anayeendelea. Dawa za kusaidia kuacha zipo duniani, ingawa si kila kituo cha afya kinazo. Watu wengi walioacha waliacha bila dawa, na wengi wao hawakufanikiwa mara ya kwanza. Ukianguka, anza tena.

Ikiwa unavuta ili kuzima mawazo mazito, mwone pia mshauri wa afya ya akili katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) anaweza kukuelekeza. Na ukiona sigara zikiuzwa kwa watoto au karibu na shule, anza kwa kuzungumza na mwenye duka kwa heshima. Asiposikia, peleka taarifa kwa mwenyekiti wa RWC au kituo cha polisi cha makazi yenu.

Majaji wa Kampala walimaliza kazi yao mwaka 2019. Kazi iliyobaki ipo kwenye kaunta ya duka, pale pakiti iliyofunguliwa ilipo.