Usinunue Simu kwa Sura Yake

Mwisho wa mwezi, mshahara ukiisha kutoka, hebu panda basi la mwendokasi pale Magomeni, uvuke bonde la Jangwani, uteremke Msimbazi. Hatua chache kutoka kituoni utajikuta katika mitaa ya Aggrey na Likoma, mahali ambapo simu za mkononi zimepangwa nyuma ya vioo, duka baada ya duka, mpaka macho yachoke. Kabla hujaamua ugeukie wapi, winga amekwisha kukushika mkono: “Njoo bosi, karibu mama, simu zote zipo, bei chee!”

Utaonyeshwa simu mbili. Zote zina kioo kipana, zote zinapiga picha safi, lakini moja ina bei nafuu sana kuliko mwenzake. Winga atakusifia ukubwa wa kumbukumbu yake, atakusifia chaji inayokaa siku mbili, na atakuapia kwamba wateja wake wote wamerudi kumshukuru. Liko jambo moja tu ambalo hatalitaja, na ambalo wewe nawe, kwa furaha ya kuipata rahisi, hutakumbuka kuliuliza: simu hii inakubali programu zipi?

Makala hii, ndugu msomaji, inahusu jambo hilo moja.

Tumchukue kwa mfano mama mmoja anayeuza vitafunwa asubuhi kando ya njia. Amedunduliza miezi minne, amenunua simu iliyong’aa, amerudi nayo nyumbani akiwa ameifunga kwenye kanga. Binti yake anaipokea kwa mikono miwili, anaigeuzageuza, kisha ananyamaza.

“Mama, umeambiwa ina WhatsApp?”

“Nimeambiwa ina kila kitu, mwanangu.”

“Haina, Mama. Na haiingii.”

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwa mama huyu si dogo hata kidogo. Kikoba chake kinatangaza siku ya mchango na zamu ya mkopo katika kundi la WhatsApp. Mwalimu wa mwanawe wa mwisho anatuma taarifa za shule huko huko. Misiba na harusi za ukoo zinatangazwa huko. Hakuna kati ya hao aliyemuuliza yeye kama simu yake itaweza. Wameamua wao, naye hana budi kuwafuata au abaki nje ya mlango akisikia sauti tu.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Simu si kama sufuria, ambayo ukiinunua ni yako na inapika chakula chochote utakachotia. Simu ni chombo cha kukutana na watu. Manufaa yake yanatokana kwa sehemu kubwa na wale walioko upande wa pili.

KITUO KISICHO NA BASI

Huenda ukauliza: kwa nini simu moja ina programu nyingi na nyingine chache? Kwani watengenezaji wake ni wavivu?

La hasha. Jibu lake kila mkazi wa Dar es Salaam analifahamu, ila hajawahi kulitumia kwa simu. Daladala huenda kwenye kituo chenye abiria, na abiria husimama kwenye kituo chenye daladala. Jenga leo kituo kipya, kiezeke vizuri, weka mabenchi na taa. Dereva atapita bila kusimama kwa kuwa haoni watu, na watu watakipita kwa kuwa hawaoni basi. Kituo kitakuwa kizuri, lakini kitabaki kitupu.

Ndivyo ilivyo kwa simu. Kila simu janja inaendeshwa na mfumo wake wa ndani, na programu iliyoandikwa kwa mfumo mmoja haiingii katika mwingine. Mwandishi wa programu, ambaye naye anatafuta riziki, huandika kwanza kwa ajili ya mifumo yenye wateja wengi. Leo mifumo hiyo ni miwili: Android ya Google na iOS ya Apple. Mfumo wa tatu ukizaliwa hukosa programu kwa sababu hauna wateja, na hukosa wateja kwa sababu hauna programu.

Msidhani kwamba fedha nyingi hulivunja fundo hilo. Kampuni ya Microsoft ya Marekani, ambayo si maskini kwa kipimo chochote, ilitoa simu za Windows Phone mwaka 2010. Mwaka uliofuata ikashikamana na Nokia ya Finland, jina ambalo sisi tulilipenda tangu enzi za simu zenye tochi, ndiyo maana hata leo simu ndogo tunaiita kitochi. Mwezi Februari 2013 ikaja na simu iliyokusudiwa Afrika, Huawei 4Afrika, ambayo ilipelekwa katika nchi kadhaa, wakiwamo jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2014 ikamaliza kuinunua biashara yote ya simu ya Nokia, kwa zaidi ya euro bilioni 5.

Simu zenyewe zilikuwa imara na nyepesi kutumia. Lakini programu hazikuja, au zilikuja watu wakiwa wamekwisha kuzichoka kwingineko. Instagram, iliyoanza kwenye iPhone mwaka 2010, ilifika kwenye Windows Phone mwishoni mwa 2013. Snapchat haikufika kabisa. Mwaka huo wa 2013 Microsoft ilijitengenezea yenyewe programu ya kutazamia YouTube, na Google, ambayo ndiyo mwenye YouTube, ikaizuia. Tarehe 31 Desemba 2019 WhatsApp ikaacha kufanya kazi katika simu zote za Windows. Aliyekuwa nayo mkononi usiku ule aliamka asubuhi ya mwaka mpya na simu nzima isiyo na WhatsApp.

SIMU NJEMA, MLANGO UMEFUNGWA

Mifano mingine iko karibu zaidi nasi. Mfumo uitwao KaiOS ulitengenezwa kwa ajili ya simu ndogo za vitufe, ili mtu wa kipato cha chini apate intaneti bila kulazimika kununua simu ya bei kubwa. Mwaka 2019 Watanzania waliufahamu kwa jina la Smart Kitochi, simu iliyoletwa na Vodacom. Nia ilikuwa njema, na WhatsApp ilikuwamo. Lakini tarehe 25 Juni 2024 WhatsApp iliacha kupatikana kwa kupakuliwa upya katika KaiOS, na waliokuwa nayo tayari wakatangaziwa kwamba ingekoma mwanzoni mwa 2025. Simu haikuvunjika, betri haikufa. Kilichoondoka ni kile kilichomfanya mnunuzi atoe fedha zake.

Chukua pia habari ya Huawei. Mwezi Mei 2019 Serikali ya Marekani iliweka kampuni hiyo ya China katika orodha ya wasioruhusiwa kuuziwa teknolojia ya Kimarekani bila kibali. Kuanzia simu ya Mate 30, iliyotoka Septemba mwaka huo, matoleo yake mapya yalikosa duka la programu la Google, pamoja na YouTube, Gmail na ramani zake. Huawei ikategemea duka lake, AppGallery, na wenye ujuzi wakagundua njia za kuzunguka. Lakini msomaji utakubaliana nami kwamba mfanyakazi anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni hahitaji kifaa cha kukizungukia. Ugomvi wa mataifa mawili makubwa ulimfikia hadi mfukoni, naye hakushirikishwa.

Hata ndani ya mifumo miwili mikubwa usalama haujakamilika, hasa kwa mnunuzi wa simu iliyokwisha kutumika. Simu ikizeeka, mfumo wake hauongezwi tena, na programu humkimbia mmoja mmoja. Januari 2025 WhatsApp ilianza kuhitaji Android toleo la 5 au zaidi. Tangu Mei 2025 imeziacha iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus. Simu hizo bado unaweza kuzikuta zikiuzwa, zimepakwa rangi na kufungwa ndani ya maboksi yanayometa. Zipo vilevile simu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la China, ambako huduma za Google hazipo. Zikiletwa huku huja kama zilivyo.

JE, WINGI WA PROGRAMU NDIO UBORA?

Haifai, hata hivyo, kukimbilia upande wa pili na kusema kwamba simu yenye programu milioni ndiyo bora kwa kila mtu. Hesabu mwenyewe, jioni ya leo, programu ulizozifungua wiki nzima. Wengi wetu hatutavuka saba au nane.

Tena yapo mambo makubwa ambayo hayahitaji programu yoyote. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 haikutaka simu janja. Ukibonyeza *150*00# kwenye kitochi cha vitufe, unatuma fedha kutoka Kariakoo hadi Kigoma sawasawa na mwenye simu ya mamilioni. Mzee anayehitaji kupiga, kupokea na kutumiwa fedha na wanawe hapungukiwi na kitu akibaki na kitochi chake, na chaji yake inakaa.

Na wingi nao una miiba yake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa njia ya simu bila leseni. Wenye kukopa humo wanajua walivyoandamwa wao na jamaa zao. Kwa hiyo duka kubwa la programu ni kama soko kubwa: riziki imo, na wezi wamo.

Basi swali la kujiuliza si “zipo ngapi?” bali “ninazozihitaji zimo?” Simu yenye programu hamsini tu inakutosha kama tano zako zimo ndani yake. Simu yenye milioni haikufai kama ile moja ya kikoba chako haimo.

KABLA HUJATOA FEDHA

Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, fanya haya kabla ya kwenda Kariakoo.

Kwanza, keti na watu wa nyumbani mwandike katika karatasi kazi ambazo simu itafanya. Waulize watoto, uliza shuleni, uliza kwenye kikoba: mnatumia programu gani? Orodha hiyo ndiyo itakayokuongoza, si maneno ya winga.

Pili, dukani usikubali kuambiwa, taka kuonyeshwa. Iwashwe simu, liunganishwe bando, lifunguliwe duka la programu, na kila iliyomo katika karatasi yako itafutwe na ipakuliwe mbele ya macho yako. Muuzaji akisema “utaiweka nyumbani”, mrudishie simu yake. Akisema atakuwekea nakula aliyo nayo yeye, kataa vilevile. Nakala zisizo rasmi hufungiwa na wenyewe, na huweza kubeba wizi ndani yake.

Tatu, fungua mipangilio usome toleo la mfumo. Ikiwa ni simu ya mtumba, uliza imetoka mwaka gani. Simu inayovuka kizingiti kwa shida leo, kesho itaachwa nje.

Nne, bonyeza *#06# upate namba yake ya tarakimu 15, uitume kwenda 15090 kuihakiki. Hatujasahau Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini kote na watu wakabaki na mapambo mkononi. Kisha dai risiti, na dhamana yake iandikwe.

Haya yote yatakuchukua muda usiozidi saa moja. Mama wa vitafunwa alidunduliza miezi minne. Saa moja ya kuuliza isingemchosha, ila hapakuwa na mtu wa kumwambia nini cha kuuliza. Sasa anasomewa ujumbe wa kikoba na jirani, na siri ya mkopo wake imekuwa ya mtaa mzima.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Hawakuwa na maana kwamba maskini asinunue vya bei nafuu, kwani hana vingine. Walikuwa wakimtahadharisha apime kwanza chungu kwa chakula anachokwenda kupika. Nawe mwenye jamaa, ukiwa na binti au kijana nyumbani anayezijua simu hizi kuliko wewe, usione haya kwenda naye sokoni Jumamosi hiyo. Huyo ndiye winga asiyedai chake.