Jiwe la Mizani na Majaribio ya Programu

Mizani za kununulia pamba huko Bariadi na kwingineko mkoani Simiyu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mkaguzi hatumii pamba, ambayo uzito wake haujulikani, bali jiwe lililothibitishwa. Jiwe la kilo 20 likisomeka 19, kosa ni la mizani. Lisiporekebishwa, mkulima atapunjwa kilo moja katika kila 20.

Majaribio ya programu za kompyuta hufuata kanuni hiyo. Tuchukue programu ya intaneti inayokokotoa malipo ya mkulima baada ya kuuliza bei kwenye mtambo mwingine. Wakati wa jaribio, mtambo huo huwekewa kaimu ajibuye daima: shilingi 1,000. Kilo 20 zikitoa shilingi 19,000, kosa limo katika programu, wala si katika mtandao.

Aidha, maandalizi ya majaribio yote huandikwa mahali pamoja. Yakinakiliwa mara 50, badiliko moja hudai masahihisho 50. Andrew Hunt na David Thomas waliisisitiza kanuni hii mwaka 1999.

Hata hivyo, kaimu si mwenyewe. Mtambo halisi ukibadili majibu yake, kaimu hatajua. Kwa hiyo majaribio machache dhidi ya mtambo halisi hayaepukiki.